Nne Umempa Nani

9 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, shemeji na Mama. Sisi huku tunakwenda. Wifi yako bado ana lile bega, anasema linamtabiria mvua, na mara nyingi linakosea. Kitinda mimba ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka, anatembea akionyesha pengo kama mtu aliyeshinda kesi. Karakana iko palepale. Wiki iliyopita nimekata vioo mia moja na kumi na vinne vya madirisha ya jengo la ofisi, nikavunja kimoja tu, tena ni kwa sababu mteja alinisemesha. Mwambie Mama mguu aunyooshe asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa, asijifanye daktari.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni mbao, na aliye upande wa pili ana masikio. Namsema binti yangu mkubwa, Profesa.

Mwezi uliopita mwalimu wa hesabu aliniita shuleni. Akaweka mezani karatasi ya jaribio. Juu, jina limeandikwa vizuri kama la kuchapwa. Chini, hakuna kitu. Mtoto ambaye tangu darasa la kwanza hajashuka chini ya tisini ameleta karatasi nyeupe. Mwalimu anasema alikaa saa mbili nzima. Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Akaomba nyingine, akaandika jina, akakunja mikono.

Nikamuuliza, "Hukujua majibu?"

"Nilijua yote."

"Sasa?"

"Swali la kwanza lina njia tatu. Sikuwa na uhakika ipi ni nzuri kuliko zote."

Mdogo wangu, mimi nimeishia kidato cha pili, lakini hata mimi najua njia moja ni bora kuliko karatasi nyeupe.

Na si hilo tu. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Kucha amezitafuna mpaka zimekwisha, sasa anatafuna vidole. Insha ya kurasa mbili anaiandika mara sita, halafu haipeleki. Daktari amepima kila kinachopimika, hakuna ugonjwa. Nikamwambia, umeona, huumwi. Akalia kuliko ambavyo angelia kama angeambiwa anaumwa.

Mtihani wa mwisho ni mwanzoni mwa Oktoba. Zimebaki wiki thelathini. Katika ukoo wetu wote ni wewe tu uliyekuwa na kichwa kama chake. Mwandikie. Mwambie ulivyokuwa ukisoma. Mwambie wewe ugonjwa ulikukatili siku yenyewe ya mtihani, ukakosa kila kitu, na yeye mzima wa afya hana kisingizio. Akisikia kwako ataelewa. Mimi nikisema anaitikia "ndiyo, baba", halafu mlango unafungwa polepole, na kufungwa polepole kunaniudhi kuliko kubamizwa.

Kaka yako.


2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Nisamehe kwa kuchelewa. Mama hajambo, mguu anaunyoosha akikumbuka, na akikumbuka anataka ushahidi, lazima nisimame nione. Shemeji yako anakusalimu. Tangu apunguziwe zamu anapanga upya makabati ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mpe wifi pole ya bega, na huyo mwenye pengo mwambie shangazi anataka kuliona.

Kazini tumechoka. Unajua dobi ya hospitali yetu ina mashine tatu, na mbili zimelala. Mashuka mia sita kwa siku, mashine moja, wanawake watano. Juzi muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alinirudishia mashuka arobaini, akasema machafu. Nikamshukia mwenyewe. Nikamwambia haya si machafu, haya yana doa safi. Hajawahi kulisikia. Nikamweleza: shuka limechemshwa, sabuni imepita, dawa imepita, kila kinachodhuru kimekufa. Kilichobaki ni alama. Alama haimuui mtu. Ukitaka nichemshe mpaka alama itoke, nitakurudishia matambara. Akayatazama, akasema, "Lakini wageni wataona." Nikamwambia wageni wanakuja kuona mtoto, si shuka. Aliyachukua, ila alinuna.

Kuhusu kumwandikia Profesa, sijui kama mimi ndiye mtu anayefaa. Shule haina mwalimu wa ushauri? Watu wanasomea mambo haya siku hizi. Na hilo jina, kaka, yeye mwenyewe analipenda? Akirudi na karatasi yenye alama, neno lako la kwanza huwa ni lipi?

Niishie hapa, zamu inaanza.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Huku wazima. Kitinda mimba ameota jino moja, limekaa upande, analiita mgeni. Wifi yako anaendelea na utabiri.

Umeniandikia ukurasa mzima wa mashuka, na mistari minne ya mtoto wangu. Nimeihesabu.

Umeniuliza, nakujibu. Jina la Profesa nilimpa mimi akiwa na miaka minne, siku aliyosoma kibao cha karakana bila kufundishwa. Mtaa mzima unamwita hivyo. Mwaka jana aliniomba tuache. Nikadhani ni aibu ya kukua.

Neno langu la kwanza unalijua, ni la nyumbani kwetu. Akileta tisini na sita namuuliza, "Nne umempa nani?" Ni utani wa marehemu Baba. Wewe alikuuliza miaka yote. Mimi hakuwahi kuniuliza, maana alama nilizogawa zilikuwa nyingi, angeuliza mpaka kesho yake. Nilikuwa nasimama mlangoni nasikia akikuuliza, na nilitamani siku moja iwe zamu yangu. Sasa niambie, kosa liko wapi? Namuuliza mwanangu kitu ambacho mimi nilikililia.

Mwalimu wa ushauri yupo. Msichana mdogo, sidhani kama amefika thelathini, anaongea polepole kama anayemwamsha mtu. Amesema mtoto ana hofu, na hofu yake si ya kushindwa. Anaogopa kuonekana hakukamilika. Dawa yake eti ni mazoezi ya kukosea. Kila wiki apeleke kazi moja yenye kosa la makusudi. Kukosea, mdogo wangu! Mimi kosa nimelifukuza karakanani miaka ishirini na minane. Kioo hakijui "karibu". Ukipunguza milimita tatu, kinapita kwenye fremu kinaanguka nje. Ukizidisha moja, hakiingii. Hayo ndiyo yaliyonitoa kwenye kubeba vioo vya watu mgongoni nikawa na vyangu.

Basi akapewa hilo zoezi. Unajua alifanyaje? Alikaa Jumamosi nzima akitafuta kosa linalofaa. Kosa la kwanza akaona ni la kijinga mno. La pili, mwalimu angedhani hajui kweli. La tatu lilikuwa zuri, lakini mwandiko haukumridhisha. Mama yake akacheka. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, maana nilimwona vidole alivyovitafuna.

Sijawahi kukuomba kitu. Nilitoka shule nikiwa na miaka kumi na sita ili wewe wa kumi na tatu uingie sekondari. Sikunung'unika. Ulipougua siku ya mtihani sikunung'unika. Umeishia kukunja mashuka na kichwa kile, nimenyamaza. Leo naomba karatasi moja. Zimebaki wiki ishirini na tano.

Kaka yako.


20 Mei

Kaka, shikamoo.

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Shemeji yako amemaliza makabati, sasa amehamia kwenye viatu. Mashine ya pili imetengenezwa, ya tatu tumeizika rasmi, tunawekea mifagio ndani yake.

Nimeanza barua hii mara nne tangu Aprili. Mama ndiye aliyenikalisha leo. Alisema, "Mwambie kijana wangu. Mimi mzigo huu nimeubeba muda mrefu, ndiyo maana goti liko hivi." Mimi nikasema goti ni uzee. Akasema, "Uzee gani, ni wewe."

Kaka, siku ile sikuumwa.

Niliamka, nikavaa, Mama akanipa chai. Nilifika shuleni kabla ya wenzangu. Walipoingia mimi nilikwenda bombani kunawa mikono, maana ilikuwa inatoka jasho na nilihofia kuchafua karatasi. Nikanawa. Nikaifuta. Ikatoka jasho tena, nikanawa tena. Kila kitu kilikuwa kichwani, hata kurasa nilikuwa naziona. Lakini nilikuwa naiona pia ile karatasi ikirudi na tisini na tisa, na Baba ameishika. Kengele ililia ningali bombani. Nikasema nitakwenda ikinyamaza. Iliponyamaza nikaona nimechelewa, na aliyechelewa ameshaharibu. Nikakaa nyuma ya stoo ya madawati juani mpaka saa saba.

Nilirudi nyumbani nikasema nina homa, na mwili ulikuwa wa moto kweli, jua la asubuhi nzima. Mama alinigusa paji la uso. Halafu akanitazama vidole, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Akanilaza, akavifunika kwa shuka. Wewe uliingia jioni kutoka kazini, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Ilikuwa wiki ileile uliyorudi kazini baada ya kukatwa na kioo, kidole hakikukunja tena. Ulikaa pembeni ya kitanda ukasema, "Pole, ugonjwa hauna adabu." Niliipokea ile pole. Nimeikalia miaka thelathini na mmoja.

Mwaka uliofuata mliniambia nirudie, nikasema nikisoma kichwa kinauma. Kichwa hakikuwa kikiuma.

Simlaumu Baba. Alikuwa anatania, na alikuwa anajivuna. Ila wewe ulikuwa mlangoni unasikia utani. Mimi niliyekuwa ndani nilikuwa nasikia nne. Tisini na sita hakuna aliyewahi kuitaja.

Wewe ndiye baba yake, ukimpa binti yako barua hii asome, sawa, usipompa, sawa. Nakuomba jambo moja tu, usimwambie shangazi yake aliugua.

Mdogo wako.


29 Mei

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.
Mama asiache dawa.
Huku wazima.
Sina la kuandika.


30 Juni

Kaka, shikamoo.

Sote wazima. Mama anauliza kila siku posta imeleta nini. Namwambia posta ina mambo mengi. Hakubali, ila anaacha.

Siandiki kujitetea. Ningekuwa wewe nami ningenyamaza, pengine zaidi. Nataka kujua tu mtoto anaendeleaje. Anakula? Ukitaka kunitukana nitukane, nitajua angalau mkono unafanya kazi.

Mdogo wako.


17 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa na karatasi hii siku tatu nikitafuta nianze na neno gani. Nimeona nianze na hilohilo la juu, mdogo wangu, maana barua haiwezi kulifuta.

Salamu kwa Mama. Mwambie mkono unafanya kazi. Bega la wifi yako limepata nafuu, na mvua ndiyo imeanza. Kitinda mimba ana meno yote.

Wiki zile nilizonyamaza nilikuwa napiga hesabu. Miaka minne ya kubeba vioo mpaka siku ya mtihani wako, siku sita kwa wiki, ni siku elfu moja mia mbili arobaini na nane. Nikatoa kumi na tisa nilizolala kwa ajili ya mkono. Zikabaki elfu moja mia mbili ishirini na tisa. Hesabu ilitoka sawasawa. Nikashindwa kujua nimpelekee nani. Baba hayupo. Wewe uko mbali. Nikawa nakata vioo, na katika wiki moja nikavunja saba. Mimi.

Barua yako niliiweka mfuko wa shati ili wifi yako asiione. Ikawa inahama nami kila nikibadili shati.

Jumanne ya wiki iliyopita ilikuwa hesabu kwenye mtihani wa majaribio. Saa nne asubuhi mwalimu wa ushauri akanipigia. Mtoto hajaingia. Nilikwenda na vumbi la kioo mwilini. Nikamkuta amekaa chini, kwenye korido nje ya chumba cha mtihani, amechonga penseli tatu mpaka zimebaki vipisi. Kila ncha anaiona haijakaa sawa. Yule mwalimu amekaa sakafuni karibu naye, sketi safi. Nikakaa upande wa pili. Unajua magoti yangu, kukaa kwenyewe kulikuwa kazi.

Nilikuwa na maneno mengi tangu njiani. Nilipomwona yakaisha. Nikatoa barua yako. Usije ukadhani nilikuwa nakuheshimu. Niliitoa kwa kuwa neno langu sikuwa nalo.

Akauliza, "Ya shangazi?"

"Soma."

Yeye husoma kama mtu anayekula karanga, lakini hii aliisoma taratibu. Akamaliza, akarudi nyuma, akamaliza tena.

"Kumbe hakuumwa."

"Hakuumwa."

"Na wewe ulikuwa unabeba vioo."

"Nilikuwa nabeba."

"Umemjibu?"

"Nimemjibu."

"Umesemaje?"

Nikamwambia. Haikuchukua muda, unajua mwenyewe.

"Lini?"

"Mei."

"Baba, leo ni Julai."

Nikapangusa vumbi la kioo kwenye suruali.

"Umemkasirikia?"

"Sana."

"Utaacha lini?"

"Sijui, mwanangu. Hasira haina swichi."

Akazipanga penseli zake tatu sakafuni, akaziweka sawa, ya katikati akaisogeza kidogo. Halafu akasema bila kunitazama, "Kwa hiyo mtu akikosa, unamwandikia mistari minne, basi."

Mdogo wangu, nimekatwa na kioo mara nyingi. Unachokatwa nacho hukisikii palepale, unaona damu kwanza. Yule mwalimu aliutazama ukuta kama kuna kitu kimeandikwa. Nilitaka kumwambia mambo haya ni tofauti, shangazi yako alinidanganya, wewe hujanidanganya. Nikaona hakuuliza hilo.

Nikamwambia, "Nitamwandikia."

"Hasira ikiisha?"

"Hata isipoisha."

Akanitazama kama ananipima. Kisha akanyoosha mkono akachomoa penseli yangu ya sikioni, ile bapa ya kuwekea alama kwenye fremu, mbaya, imetafunwa na miaka, haichongeki ikawa nzuri hata ungefanyaje. Akaingia nayo. Zilikuwa zimebaki dakika sabini. Alikaa arobaini, akatoka.

Usidhani amepona. Jumatatu hii tumbo limeuma kama kawaida. Juzi amechana daftari zima la kemia kwa sababu ya kichwa kimoja cha habari. Mwalimu wa ushauri anasema afanye masomo matano Oktoba, yaliyobaki mwakani. Nimekubali kwa kinyongo, na kinyongo chenyewe nimemficha. Jina la Profesa tumeliacha nyumbani. Mtaani bado wanamwita, nimeanza kuwakatisha, mmoja baada ya mwingine. Muuza maji amekasirika, anadai nimemnyang'anya rafiki.

Karatasi ya hesabu imerudi jana. Arobaini na tatu. Alijibu maswali manne, la kwanza kwa njia aliyoiona si nzuri kuliko zote. Aliniletea karakanani. Niliishika, na mdomo ukafunguka wenyewe, mazoea ya miaka kumi. Nikaona macho yake yako mdomoni kwangu, si machoni. Nikaufunga. Sikujua mtu anasema nini mahali pale, hakuna aliyewahi kunifundisha. Nikamwambia, "Kaa, nimalizie kioo hiki tuondoke pamoja." Akakaa. Njiani ni yeye aliyebeba mfuko wangu wa vifaa.

Ninaandika mezani, naye yuko mbele yangu, anasingizia kusoma. Kila nikigeuza karatasi anainua macho. Sasa hivi ameuliza, "Ukurasa wa ngapi huo?" Nimemwambia wa nne. Ataisoma barua yote kabla sijaifunga, tumekubaliana, kwa hiyo naandika ukweli ili tuusikie watatu. Sijakusamehe. Nikikumbuka siku zile elfu moja mia mbili ishirini na tisa mkono unasimama juu ya kioo, nalazimika kuuweka chini nikanywe maji. Mwezi ujao nitakuandikia. Na ule unaofuata. Hasira ikiisha nitakuarifu tarehe. Isipoisha nitakuandikia nikiwa nayo.

Likizo ya Agosti anataka kuja kwako wiki mbili. Anataka kuiona hiyo dobi. Nimemwambia aombe mwenyewe. Ameandika karatasi yake, imo humu ndani. Sikuisoma. Nimeona tu kuna neno amelikata kwa kalamu, hakuanza upya.

Posta inafungwa saa kumi. Ameshavaa viatu.

Kaka yako.